Stenti ya mtoto haiishii siku inapowekwa

Mwaka 2024 FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu stenti inayoitwa Minima, ya kwanza kwao kutengenezwa toka mwanzo kwa ajili ya watoto wachanga na watoto wadogo ambao mishipa yao mikubwa ya damu karibu na moyo imebana. Habari hiyo ilipofika kwenye magrupu ya wazazi huku kwetu Moshi na Arusha ilikuwa imeshakatwa mpaka ikabaki sentensi moja, kwamba siku hizi mtoto hapasuliwi kifua, anawekewa kispringi kupitia pajani anarudi nyumbani kapona. Matokeo yake nayaona, mzazi ambaye mtoto wake tayari kapangiwa upasuaji anaanza kuuliza kama asubiri hiyo ya kispringi, na mwingine ambaye mtoto wake alishawekewa stenti anaona kumrudisha kliniki Dar ni kusumbuliwa bure kwa kitu kilichokwisha. Mi nasema habari yenyewe ni njema sana ila tunaisoma kinyume. Uzuri wa hiyo stenti uko kwenye kitu kimoja, inaweza kupanuliwa tena na tena kadiri mtoto anavyokua, yaani waliotengeneza walijua kabisa mtoto atarudi mezani, na atarudi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ubishi wetu wa stenti au kisu unatupotezea muda, cha kujiuliza ni nani atamgundua huyo mtoto mapema na nani atakuwa naye kwa miaka 18 mpaka 20 baada ya hapo.

Tuelewane kwanza kinachofanyika. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kilichobanwa juu ya puto jembamba. Mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anapitisha mrija kwenye mshipa wa kinena, anaufuatilia kwenye skrini ya eksirei mpaka pale palipobana, anajaza puto, wavu unafunguka na kushika ukuta wa mshipa, puto linatolewa na wavu unabaki humo humo. Wengi tunaijua kwa wazee, mzee kashikwa na kifua, kakimbizwa, kawekewa stenti, na sababu tunaijua, mafuta yameganda kwenye mishipa midogo inayolisha nyama ya moyo wenyewe. Kwa watoto habari ni nyingine kabisa. Ile mishipa midogo ya moyo kuziba kwa mtoto ni nadra, inatokea mfano baada ya ugonjwa wa Kawasaki ambao daktari Mjapani Tomisaku Kawasaki aliueleza mwaka 1967. Kinachobana kwa watoto mara nyingi ni mishipa mikubwa, aota inayopeleka damu mwili mzima au ile inayoenda kwenye mapafu, na imebana kwa sababu mtoto aliumbika hivyo tumboni au imebakiza kovu baada ya upasuaji wa mwanzo. Hapo hamna mafuta, hamna chipsi, na mama hajakosea chochote jikoni. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna kina mama wanabebeshwa lawama na mawifi zao mpaka wanaona aibu kusema mtoto anaumwa nini, na aibu hiyo inachelewesha matibabu.

Nitakaa zaidi kwenye aota kwa sababu ndo inayoua kimya kimya. Aota ikishatoa matawi ya kichwani na mikononi inapinda kushuka chini, na hapo kwenye kona ndo panapobana. Mtoto akiwa tumboni kuna njia ya pembeni inayounganisha mshipa wa mapafu na aota, hiyo njia inajifunga yenyewe siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na ikijifunga kwa mtoto ambaye aota yake imebana sana basi damu ya kwenda figo, utumbo na miguu inakatika. Mtoto aliyezaliwa vizuri, kalia vizuri, mama karuhusiwa, siku ya tano au wiki ya pili anaacha kunyonya, anapumua haraka haraka, miguu inakuwa ya baridi, rangi inabadilika, na kila anayemuona anafikiria maambukizi kwenye damu au nimonia. Kuna dawa ya dripu, prostaglandini, inayoweza kuifungua tena ile njia ya pembeni ili kununua muda mtoto afikishwe kwa wataalamu, lakini uitumie lazima kwanza uwe umefikiria moyo. Yule ambaye kubana kwake ni kwa wastani anapita hapo salama, anakua, anaenda shule, ila presha ya mikononi iko juu na ya miguuni iko chini, anaumwa kichwa, anatokwa damu puani, akikimbia miguu inachoka kabla ya wenzake. Enzi hizo kabla ya matibabu, waliovuka utoto wakiwa na hali hii kwa wastani walikuwa wanafariki kwenye miaka ya thelathini na kitu, kwa kiharusi, moyo kushindwa kazi au aota kupasuka. Na sio ugonjwa wa watu wawili watatu. Inakadiriwa mtoto 1 kati ya kila 100 anazaliwa na tatizo fulani la moyo, na aota iliyobana ni kama watoto 4 kati ya 10,000, sasa nchi yetu inazaa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, piga hesabu, ni zaidi ya watoto 800 kila mwaka, jiulize wangapi wanajulikana.

Matibabu yake yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Clarence Crafoord wa Stockholm alikata sehemu iliyobana na kuunga aota mwaka 1944, na Robert Gross wa Boston akafuata mwaka 1945. Puto kwenye mshipa wa moyo wa mtu mzima lilikuja 1977 kwa mkono wa Andreas Grüntzig pale Zurich, stenti za kwanza kwenye mishipa ya moyo ya watu wazima ziliwekwa 1986 na Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne, alafu miaka michache tu baadaye timu ya Charles Mullins pale Houston ikaanza kuzipeleka kwa wagonjwa waliozaliwa na matatizo ya moyo. Sasa kama zilianza mapema hivyo, kwa nini stenti ya mtoto mchanga imeruhusiwa Marekani 2024? Jibu ni ukuaji. Aota ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 6 mpaka 8 hivi, ya mtu mzima inafika karibu 20. Stenti iliyotengenezwa kufika upana wa mtu mzima ilikuwa nene, inahitaji mrija wa kama milimita 4, wakati mshipa wa paja wa mtoto mchanga wenyewe ni milimita 2 au 3, haiingii, na ukilazimisha unauharibu mguu. Ukichukua stenti ndogo inayoingia, inafika kikomo chake haraka na baada ya hapo chuma haikui, mtoto anakua, na stenti iliyokuja kumfungulia mshipa ndo inageuka kuwa pete inayombana. Kwa miaka mingi madaktari walijikuta wanaweka stenti ndogo kwa mtoto mahututi huku wakijua kabisa kuna siku mpasuaji ataikata au wataipasua makusudi kwa puto la nguvu. Minima imekuja kuunganisha hivyo viwili, iwe nyembamba kiasi cha kuingia kwa mtoto mchanga na iweze kupanuliwa mpaka kufika ya mtu mzima, kama ile sketi ya shule yenye pindo kubwa ambalo mama analiachia kidogo kila mwaka. Ila pindo haliachii lenyewe.

Wanaotetea stenti wana hoja nzito na sitaki kuzipunguza. Mtoto hakatwi ubavuni, maumivu ni machache, anakaa wodini siku chache, na kwa nchi ambayo wapasuaji wa moyo wa watoto wanahesabika hiyo peke yake ni faida kubwa maana kitanda cha ICU kinaenda kwa mwingine. Ushahidi upo pia. Marekani walifanya utafiti unaoitwa COAST wakiweka stenti za kupanuliwa kwa puto kwa watu 105 wenye aota iliyobana, mishipa ilifunguka, presha ilishuka, na kazi hiyo ndo ilisaidia stenti ya aina ile kuruhusiwa mwaka 2016. Lakini angalia ni kina nani walikuwemo, wengi walikuwa vijana wakubwa na watu wazima, hakukuwa na kachanga hata kamoja, na hata hapo baadhi ya stenti zilionekana zimevunjika nyuzi zake ndani ya miaka miwili ya kufuatiliwa, bila kuleta madhara makubwa, ila zilionekana kwa sababu kuna mtu alikuwa anazitafuta kwa picha. Mtu akichukua matokeo ya kijana wa miaka 16 mwenye kilo 60 akayabandika kwa mtoto wa wiki tatu wa Karatu, hapo hoja inakuwa imevuka mpaka wake.

Upande wa upasuaji nao haueleweki vizuri huku kwetu. Watu wakisikia upasuaji wa moyo wanaona kifua kimefunguliwa katikati na moyo umesimamishwa, wakati kwa aota iliyobana peke yake mpasuaji mara nyingi anapita ubavuni kushoto, anakata kipande kibaya, anaunga ncha mbili za mshipa, na mara nyingi moyo unaendelea kupiga bila mashine. Kinachobaki ndani ni nyama ya mtoto mwenyewe, itakua naye. Ndo maana kwa mtoto mchanga na wa miezi michache madaktari wengi duniani bado wanaanza na upasuaji, na stenti wanaipendelea zaidi mtoto akishafika kilo 20 au 25 hivi, ambapo mshipa wa paja unaruhusu na stenti inayowekwa ni ya kufika ukubwa wa mtu mzima. Upasuaji nao sio mwisho wa habari, baadhi ya waliofanyiwa wakiwa wachanga pale palipoungwa panabana tena, na hapo puto linasaidia sana, na stenti pia mtoto akishakuwa na mwili wa kuibeba. Vivyo hivyo mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ule ugonjwa wa moyo unaomfanya awe wa bluu, tetralojia ya Fallot, akabakiwa na tawi la mshipa wa pafu lililobana, mahali ambapo kisu kurudi mara ya pili ni kazi ngumu kwenye makovu, stenti hapo inafanya kitu ambacho upasuaji unahangaika kukifanya. Ukiangalia kwa utulivu utaona hivi vitu viwili vinapokezana kwa mtoto mmoja. Mtoto huyo huyo anaweza kuhitaji kisu akiwa na wiki mbili, puto akiwa na mwaka, stenti akiwa darasa la tatu na kupanuliwa akiwa kidato cha pili, na mzazi aliyeambiwa achague kambi moja toka mwanzo atachanganyikiwa kila hatua akidhani madaktari wa kwanza walikosea.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo naisikia sana, ni ile ya kusema mtoto aachwe akue kwanza. Inatoka sehemu mbili. Moja ni wale wanaosema kwa kuwa chuma haikui basi bora kusubiri mwili ukamilike ndo iwekwe mara moja. Nyingine inatoka kwa majirani, kwamba mtoto wa fulani alikuwa na tundu kwenye moyo likajiziba lenyewe, na huyu naye atapona. Tundu dogo kweli mengi yanajiziba, hilo ni sahihi na madaktari wenyewe wanasubiri. Aota iliyobana haijifungui. Mtoto anakua, mahitaji ya damu yanakua, pale palipobana panabaki palepale kwa hiyo kubana kunazidi kuwa kubaya kila mwaka, na misuli ya moyo inanenepa kwa kusukuma. Alafu kuna kitu ambacho wanaosubiri hawakihesabu, presha. Kadiri aota inavyochelewa kufunguliwa ndivyo uwezekano unavyozidi wa presha kubaki juu hata baada ya mshipa kufunguliwa vizuri, kwa sababu mishipa ya juu ishazoea na ishakakamaa. Yaani kumsubirisha mtoto wa miaka 6 mpaka afike 16 ili awekewe stenti moja tu ni kumuuzia kisirani cha vidonge vya presha maisha yake yote ili kuokoa safari mbili za Cathlab, kile chumba cha kupitishia mirija kwenye mishipa mpaka moyoni. Kusubiri kunakokubalika ni kule ambako daktari kapima, kakuta kubana ni kidogo, kaweka tarehe, na kila tarehe anapima presha ya mkono na mguu na kuangalia eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Hiyo ni tiba. Kukaa nyumbani ukiomba Mungu akue haifanani nayo hata kidogo.

Wapo pia wanaosema nchi kama yetu ina malaria na vifo vya uzazi, stenti za watoto ni anasa. Ninaelewa wanapotokea ila hesabu yao inasahau kwamba chumba cha Cathlab kishajengwa na kinafanya kazi kwa watu wazima, na mtoto wa miaka 8 aliyefunguliwa mshipa ana miaka 60 ya kulima, kufundisha na kulipa kodi mbele yake. Sioni haja ya kurefusha hapo.

Turudi nyumbani. Toka mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar, watoto wanafanyiwa upasuaji mkubwa na ule mdogo wa Cathlab, wakati zamani kundi kubwa lilikuwa linasubiri safari ya India. Ni hatua kubwa sana na watu wa Moshi na Arusha wanaoijua wanaiheshimu. Lakini kutoka Moshi mpaka Dar ni kama kilomita 550 na Arusha zaidi ya 600, mama wa Longido au Same anapanda gari mbili mpaka tatu, analala kwa ndugu ambaye naye ana chumba kimoja, anaacha watoto wengine na ng'ombe, na yote hayo kwa kipimo cha nusu saa. Safari ya kwanza familia nzima inachanga, harambee inapigwa, kanisa au msikiti unachangia kwa sababu mtoto anaonekana anakufa. Safari ya nne mtoto anacheza mpira, hamna anayechanga. Hapo ndo stenti inapopotea machoni, na ndo miaka ambayo ndani yake nyama inaweza kuota, ukuta wa mshipa ukavimba pembeni ya chuma, nyuzi zikavunjika au mtoto akaizidi upana bila dalili yoyote ya nje. Sehemu kubwa ya ufuatiliaji haihitaji Dar kabisa. Presha ya mkono wa kulia na ya mguu, eko, picha ya kifua, hivyo vinaweza kufanyika kanda ya kaskazini, KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda toka miaka ya sabini na pale Arusha kuna hospitali ya Mount Meru, na mtoto akapelekwa Dar pale tu namba zinapobadilika. Ninachokitaka ni utaratibu ulioandikwa, daktari wa Dar amkabidhi mtoto kwa daktari mwenye jina huku, na huyo wa huku ajue anatafuta nini na kizingiti ni kipi cha kumrudisha.

Na kabla ya ufuatiliaji kuna kugundua, ambako kifaa cha gharama yoyote hakitusaidii. Karibu asilimia 81 ya wanaozaliwa nchini wanazaliwa kwenye vituo vya afya kwa takwimu za 2022, maana yake watoto wengi wanapita mikononi mwa nesi au mkunga kabla hawajaenda nyumbani. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni ni kizuri, Marekani toka 2011 wanapendekeza kila mtoto mchanga apimwe, kinakamata watoto wengi wenye moyo wa bluu, ila aota iliyobana kinaikosa mara nyingi kwa sababu mguu unaweza kuwa na oksijeni ya kutosha huku damu yenyewe ni kidogo. Kinachoikamata ni vidole viwili vya nesi kwenye kinena kutafuta mapigo, kisha kulinganisha na mapigo ya mkono, na kwa mtoto mkubwa presha ya mkono ikizidi ya mguu kwa 20 au zaidi hapo usimruhusu aondoke bila rufaa. Kwenye ukoo wetu upande wa Machame kuna mtoto alitibiwa nimonia mara kadhaa kwenye vituo tofauti mpaka nesi mmoja kijana akaweka vidole kinenani akasema huyu miguuni hamna kitu. Yule nesi hakutumia hata shilingi moja. Hata ile ratiba ya kliniki ingetusaidia, mtoto anapelekwa chanjo wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, anapimwa uzito kila safari na kadi inaandikwa, kuongeza pale kugusa mapigo ya kinena na alama moja kwenye kadi ni kazi ya sekunde chache. Wengine watasema manesi wamezidiwa, na kweli wamezidiwa, nimeziona foleni za kliniki za Pasua na Ngaramtoni asubuhi, lakini nesi huyo huyo ndo anampokea mtoto akirudi na moyo ulioshindwa, na hiyo kazi inachukua usiku mzima.

Hela ndo sehemu ambayo nadhani haijafikiriwa hata na wanaoitetea stenti kwa moyo wote. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya mfuko wa taifa wa bima ya afya, ya shilingi 50,400 kwa mwaka iliokoa watoto wengi wenye magonjwa ya moyo, iliposimamishwa kuandikisha mtoto mmoja mmoja mwaka 2023 na kupelekwa kwenye utaratibu wa shule, waliopata shida zaidi ni wale walio chini ya umri wa shule, ambao ndo hao tunaowazungumzia. Ninaelewa kwa nini mfuko ulilia, wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaumwa, na bima ya namna hiyo inafilisika. Ila tazama na umri wa mwisho. Kadi ile ni ya chini ya miaka 18. Mtoto aliyewekewa stenti akiwa mdogo anahitaji upanuzi wa mwisho, ule wa kuifikisha upana wa mtu mzima, akishamaliza kukua, yaani miaka 16, 17, 18, wavulana wengine mbele zaidi. Kwa hiyo anakaribia kupoteza bima kipindi kilekile ambacho chuma kilicho ndani yake kinadai kupanuliwa, na hapo anakuwa kamaliza kidato cha nne, hana ajira, labda kaenda kutafuta maisha Mererani au Kariakoo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatoa nafasi ya kurekebisha hili wakati vitita, yaani orodha za huduma zinazolipiwa na bima, vinaendelea kupangwa na kuboreshwa. Stenti ya mtoto iandikwe kama tiba moja ndefu, pamoja na eko za ufuatiliaji, pamoja na puto za kupanulia, mpaka upanuzi wa mwisho ufanyike hata kama mwenye stenti ana miaka 20. Ukilipia kuiweka bila kulipia kuipanua umelipia nusu ya matibabu, na ile nusu nyingine itakuja kulipwa kwa bei ya upasuaji mkubwa wa kuitoa.

Mwisho kuna karatasi. Stenti zinatofautiana, kuna zinazofika milimita 24, kuna zinazogoma milimita 10, na huwezi kuzijua kwa kuangalia eksirei tu labda uwe umezizoea sana. Watoto wetu wengine wanawekewa kwenye kambi ambazo madaktari wa nje wanakuja na vifaa vyao vya msaada, wanafanya kazi nzuri kwa wiki moja, wanaondoka, na aina ya stenti waliyoiacha inabaki kwenye faili ambalo mtoto wa Rombo hatalibeba miaka 12. Daktari wa baadaye akikutana na huyo kijana bila taarifa hajui aipanue kwa puto la ukubwa gani, akikosea mshipa unaweza kupasuka. Kwa hiyo mzazi kabla hujatoka wodini omba uandikiwe jina la stenti, urefu, upana iliyofunguliwa siku hiyo, upana wa mwisho inaoweza kufika, tarehe, na dawa anazotakiwa kutumia ikiwemo aspirini na ni mpaka lini. Piga picha kwa simu, tuma kwa ndugu wawili, nakala nyingine bandika kwenye kadi ya kliniki. Na wizara ikishakuwa na daftari moja la taifa la kila mtoto mwenye stenti, likiwa na namba ya simu ya mzazi na mwaka anaotarajiwa kupanuliwa, basi mtu wa Moshi ataweza kupigiwa yeye kabla hajaanza kuumwa kichwa.